Msituuzie Ufaransa ya Dirishani

Tangu tulipoweka picha za watoto wakiwa juu ya baiskeli pembeni ya mashamba ya mpunga, mmetuuliza suala moja tu: hiyo ni Ufaransa gani, mbona hatuuoni mnara? Mmoja akathubutu kusema labda hatukufika, tumepiga picha Cheju. Leo tunajibu. Atakayekasirika atuwie radhi, lakini hili tutalisema.

Mwaka jana, baada ya kuweka akiba miaka mitatu, fedha za sare za skuli na nguo za Idi, tulikwenda kwa wakala mmoja wa safari hapa mjini. Akatutolea karatasi yenye rangi nzuri. Siku tano, zote Paris. Siku ya kwanza basi la kuzungushwa mji na picha mbele ya Mnara wa Eiffel. Ya pili Disneyland. Ya tatu mashua kwenye mto Seine na "muda huru wa manunuzi". Ya nne manunuzi tena. Ya tano uwanja wa ndege. Chakula cha usiku ni mgahawa mmoja wa Kihindi, siku zote tano. Tukamuuliza, kwani Wafaransa wenyewe wanakula nini? Akacheka. "Mama, kule ni nguruwe na pombe tu." Tukamuuliza watoto watatembea wapi kwa miguu yao. Akasema hakuna haja, basi litawachukua mlangoni na kuwarudisha mlangoni.

Karatasi tukaiacha pale pale mezani.

Sasa tusikilizeni. Sisi ni watu wa kisiwa na utalii tunaujua kwa upande wa pili. Kila siku tunawaona wageni wanashushwa uwanja wa ndege, wanapakiwa kwenye gari lenye vioo vyeusi, wanapelekwa hoteli yenye ukuta. Humo ndani wanakula tambi za kwao. Wanatolewa mara moja, saa mbili mashamba ya viungo, saa moja Mji Mkongwe kupiga picha milango, wanarudishwa. Urojo hawaujui. Barazani hawajakaa. Mama anayechoma mkate wa ufuta njiani haoni hata shilingi yao. Halafu wanakwenda kwao wanasema wameijua Zanzibar. Sisi tunasikitika, tunawacheka, na tuna haki ya kuwacheka. Basi zamu yetu ikifika, kwa nini tunalipa mamilioni kununua ukuta ule ule, ila huu uko Paris?

Wala tusimlaumu wakala peke yake. Yeye anauza kinachonunuliwa. Sisi wenyewe ndio tunaotaka picha ya mnara ili mashoga waione. Ni kama mteja anayeingia dukani kwetu na picha ya gauni kwenye simu, hataki kupimwa, anasema shona hivi hivi tu. Gauni likimbana kwapani, kosa ni la fundi.

Baba watoto ana asili ya Kingazija, na binti wa shangazi yake ameolewa Marseille. Mnaojua mnajua: Wangazija wa Marseille ni wengi mno. Wifi huyu ndiye aliyetwambia neno lililotutoa gizani. Alisema Ufaransa si mji mmoja, ni nchi ya majimbo, na kila jimbo lina chungu chake, kitambaa chake na hata lugha yake ya zamani. Chagueni moja, kaeni, tembeeni. Tukachagua kwao, Provence, kusini kwenye bahari. Siku tatu Marseille nyumbani kwa wifi, siku nane kwenye nyumba ya kukodi mji wa Arles. Paris tuliiona kwenye ramani tu na hatukupungukiwa kitu.

Asubuhi ya kwanza wifi alitupeleka bandari ya zamani, Vieux-Port, ambako wavuvi wanauza samaki kando ya maji. Bimkubwa, mama yake baba watoto, alisimama mbele ya meza ya samaki akawa anawafunua matamvua kama yuko Darajani. Muuzaji akamkodolea macho, kisha akacheka, kisha akamchagulia waliokuwa wabichi zaidi. Hawakuwa na lugha moja hata neno. Mambo haya wakala ataandika kwenye siku ya ngapi?

Na chakula. Hapa ndipo tunapokasirika hasa, kwa sababu uongo wa "nguruwe na pombe tu" unawanyima watu wengi. Jirani na bandari kuna soko la Noailles, nyama ya halali imejaa. Mtaa wa L'Estaque wanauza kitu kinaitwa panisse: unga wa dengu unapikwa na maji na chumvi mpaka ukamatane, unaachwa upoe, unakatwa vipande duara na kukaangwa. Watoto walitia mdomoni wakaangaliana. Bajia! Haina pilipili, imepikwa mara mbili, lakini undugu hauna siri. Ukienda Nice wana nyengine, socca, chapati pana ya unga huo huo. Sisi wa unga wa dengu tunakwenda kufanya nini kwenye mgahawa wa Kihindi siku tano?

Kuna supu yao ya mboga na maharage, wanaitia pistou. Pistou ni mrehani uliotwangwa kwenye kinu na kitunguu saumu na mafuta ya zeituni. Mrehani huu huu wetu wa kikuba, tunaovaa harusini! Bimkubwa alinusa akasema hawa watu wanakula manukato. Akala bakuli mbili. Ijumaa ni siku yao ya aïoli tangu zamani: samaki wa chumvi, viazi, karoti, mayai ya kuchemsha, na kitunguu saumu kilichotwangwa na mafuta mpaka kikawa kama siagi. Samaki yule analowekwa kutwa kutoa chumvi, kama tunavyofanya kwa papa mkavu. Wifi alitupikia nyumbani baada ya sala ya Ijumaa, na meza ilikuwa ya watu kumi na wanne. Kuna tapenade, zeituni zilizosagwa na dagaa wa chumvi, unapaka kwenye mkate. Kuna navette, biskuti za umbo la mashua zinazonukia maua ya mchungwa. Kuna calisson za Aix, za lozi na tikiti la sukari. Na mchele! Jimbo la Camargue, chini ya Arles, linalima mpunga, na upo mchele wao mwekundu. Tulipikia pilau. Ulitaka maji zaidi, na Bimkubwa hakuukubali, lakini tulipika.

Hatusemi kila kitu kinalika. Nyama ya ng'ombe dume wa Camargue, sifa yao kubwa, inalazwa kwenye mvinyo, hiyo tuliinusa tukapita. Supu ya mrehani kwengine wanatia kipande cha nyama ya nguruwe kuipa ladha. Bouillabaisse, supu ya samaki wa miambani, baadhi ya wapishi wanaitia mvinyo, kwa hiyo tuliila nyumbani kwa wifi peke yake, na huko mahotelini bei yake ingeshonesha sare za darasa zima. Ajabu ni kwamba ilianza kuwa chakula cha wavuvi, cha samaki wasiouzika. Tulijifunza maneno matano tu ya kusoma kwenye paketi: porc, lardons, jambon, saindoux na vin. Mtoto wetu wa miaka kumi na moja akawa askari wa maneno hayo dukani. Maneno matano, dada zetu. Kuyajifunza ni kazi ya jioni moja, na kwa kuyakosa watu wanakula biriani baridi siku tano.

Tuseme kidogo juu ya hijabu, maana wengine mmetuandikia kwa siri mkiogopa. Sheria ya Oktoba 2010 inakataza kufunika uso hadharani, na faini yake ni mpaka yuro 150. Kwa hiyo mwenye nikabu ajue mapema asije akadhalilika barabarani. Mtandio na baibui njiani, sokoni, kwenye treni, hakuna sheria inayokataza. Sheria ya 2004 ya vitambaa vya kichwa ni ya wanafunzi wa skuli za serikali, haiwahusu wageni. Mabwawa ya kuogelea ya manispaa ndiyo yenye masharti: mengi hayataki nguo ndefu za kuogelea, hata mwanamme mwenye kaptula pana anarudishwa. Pwani ni habari nyengine. Mwaka 2016 miji kadhaa ya kusini ilijaribu kuzikataza nguo za stara ufukweni, na tarehe 26 Agosti mwaka huo mahakama yao ya juu ya mambo ya utawala ikalisimamisha katazo la mji wa Villeneuve-Loubet. Je, tulikodolewa macho? Ndiyo, mara mbili tatu. Na tulisaidiwa kubeba mizigo mara nyingi zaidi ya hizo.

Baibui na baiskeli lakini haviendi pamoja, hilo msibishane nasi, sisi ni mafundi. Kabla ya safari tulishona suruali pana zenye lastiki kifundoni na kanzu fupi ya magotini yenye mpasuo wa nyuma uliofunikwa na kipande cha ndani, ili ukikaa kwenye kiti isipande. Mtandio tukaupa mshono mmoja shingoni ili upepo usiuchukue. Upepo wa kule una jina, mistral, unatoka kaskazini na hauna adabu.

Tuliupata siku ya tatu ya Arles. Tulikodi baiskeli Saintes-Maries-de-la-Mer ili tupite juu ya tuta la bahari, njia isiyoingia magari, bahari mkono mmoja na vinamasi mkono wa pili, mpaka mnara wa taa wa Gacholle. Kwenda tulifika karibu nusu ya njia. Heroe tuliwaona, mamia, wamesimama kwenye maji kwa mguu mmoja, waridi tupu. Kisha upepo ukageuka, ukawa unapiga ubavuni, mdogo wetu wa miaka saba akalia, mbu wakasaidia. Tukarudi bila kuuona mnara wowote. Baba watoto alikasirika kwa sababu alishalipia siku nzima. Watoto mpaka leo wanaisimulia siku hiyo kuliko zote.

Na magoti ya Bimkubwa? Hiyo ndiyo hoja ya watu wote: mtu mzima hawezi safari ya kutembea. Ukweli ni kwamba hawezi safari ya basi. Kukaa kwenye kiti saa sita ndiko kunakomvimbisha miguu. Arles ni mji mdogo, asubuhi alikuwa akitembea taratibu mpaka sokoni, anapumzika kwenye benchi, anarudi. Soko la Jumamosi la Arles ni refu, linafuata barabara kubwa ya mji, zeituni, jibini, vitambaa, kuku, sabuni. Alijaribu kupatana bei ya sabuni. Tulimwambia huku hawapatani. Akasema kila mtu anapatana. Akapunguziwa.

Sabuni ile tusiipite hivi hivi. Amri ya mfalme ya 1688 iliwalazimisha watengenezaji wa sabuni watumie mafuta ya zeituni tu. Karne ya 19 viwanda vikawa vingi, zeituni hazikutosha, na wafanyabiashara wa Marseille wakatafuta mafuta mengine mbali. Wakafika mpaka pwani yetu hii kununua ufuta na mbata. Ufaransa ilifunga mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1844. Kwa hiyo ufuta wa bibi zetu umeoga Marseille kabla yetu sisi. Nani alitwambia haya skuli? Hakuna. Tuliambiwa mnara wa Eiffel.

Sasa vitambaa, mtusamehe, hapa tutachelewa kidogo. Arles kuna makumbusho yanaitwa Museon Arlaten. Aliyeyaanzisha ni mshairi Frédéric Mistral, yakafunguliwa 1899, na alipopata tuzo ya Nobel mwaka 1904 fedha zake akazitia humo humo ayahamishie kwenye jumba kubwa. Mtu aliyeandika kwa lugha ya kwao, Kiprovansi, lugha iliyokuwa ikidharauliwa, akapata fedha za dunia, akanunulia nyumba ya kuwekea nguo na vyungu vya mama zake! Tulisimama mbele ya mavazi ya wanawake wa Arles mpaka watoto wakakaa chini. Shali ya pembe tatu inakunjwa mikunjo midogo midogo kifuani na kufungwa kwa pini. Nywele zinapandishwa juu na kufungwa utepe. Binti anafundishwa kuvaa na mama yake, kwa saa nzima na zaidi, na Jumapili ya mwanzo ya Julai mji wote unatoka na mavazi hayo. Tukakumbuka kwetu, kanga zinavyofungwa vyengine kwa arusi na vyengine kwa msiba, na mabinti wetu wanaonunua leso mbili hata kufunga kilemba hawajui.

Na zile pamba zao za maua madogo madogo, ambazo dunia nzima inaziita nguo za Provence, si za kwao kwa asili. Zilikuja kwa meli kutoka India, ndiyo maana jina lake mpaka leo ni indiennes. Zikapendwa mno, wafumaji wa hariri na sufi wakalalamika, mfalme akazipiga marufuku mwaka 1686, kuzichapa na kuzivaa. Marufuku ikaja kuondolewa 1759, miaka 73. Watu wakawa wanazivaa kwa magendo. Sisi tunaovaa kanga, nguo iliyochapwa nchi za watu na tukaifanya ya kwetu, tunaielewa hadithi hii bila mkalimani. Kuna na boutis pia, mfarishi mweupe wenye matabaka mawili: unashona njia nyembamba, kisha unapenyeza uzi wa pamba ndani ya kila njia mpaka ua linatuna. Mkono mtupu. Mwanamke aliyekuwa akiuza alituonyesha upande wa nyuma bila kuombwa, maana fundi humjua fundi. Kofia ya vito tunayodarizi hapa ina subira hiyo hiyo. Nîmes, mji wa jirani, wanasema ndiko lilikotoka jina la denim, kitambaa cha jinzi.

Siku ya sita tulikodi gari. Baba watoto aliendesha upande wa kulia kwa dua za Bimkubwa. Tulikwenda Collias kukodi mitumbwi ya plastiki, kwa sababu kutoka pale unapiga kasia kilomita nane kwenye mto Gardon mpaka unapita chini ya Pont du Gard. Daraja hilo walilijenga Warumi kupitisha maji ya kwenda Nîmes, matao safu tatu, urefu wa kwenda juu karibu mita 49. Watoto walilisubiri tangu Unguja.

Mwenye mitumbwi akauliza: wanaojua kuogelea ni nani? Asiyejua haingii.

Mtoto wa kiume, miaka kumi na moja, anajua. Amejifunza Forodhani kwa kuruka na wenziwe, hakuna aliyemfundisha. Mdogo wa saba, naye wa kiume, anajua. Binti yetu wa miaka kumi na nne hajui. Na sisi, mama yake, hatujui. Tumezaliwa kisiwani, nyumba yetu unasikia bahari usiku, na tulibaki ukingoni mwa mto wa Ufaransa tumeshika mikoba, binti na mama na bibi, wanaume watatu wa nyumba wakapotea kwenye kona ya maji wakipunga mikono. Binti hakusema neno. Alikaa juu ya jiwe akatia miguu kwenye maji. Baada ya muda mrefu akauliza, "Mama, kwani na mimi ningejifunza wapi?"

Hatukuwa na jibu, na hatuna la kumsingizia Mfaransa. Hakuna sheria ya 2010 wala ya 2004 iliyomzuia mtoto wetu. Tuliomzuia ni sisi, kwa kusema mtoto wa kike hachezi pwani, nguo zitamshika mwili, watu watasema nini. Stara ni kitambaa, na kitambaa ndiyo kazi yetu! Tulishona suruali ya baiskeli kwa wiki mbili kwa ajili ya Ufaransa, na miaka kumi na nne hatukumshonea nguo ya kuogelea kwa ajili ya bahari iliyoko nyuma ya nyumba. Dini yetu imejaa maji, tunatawadha mara tano, halafu nusu ya watoto wetu wanaogopa kina cha kifua. Boti zinazama kwetu. Tunajua wote. Tunayajua na majina ya jamaa zetu.

Kwa hiyo mnapotuambia safari hii ilikuwa israfu, kwamba fedha zingenunua kiwanja au tungekwenda Umra, tunawasikia. Umra tumeitia nia, Mungu atujaalie. Lakini wanaotusema hawakutusema tulipokuwa tunataka kwenda siku tano Paris kununua mikoba. Hapo ilikuwa "mashaallah, mmefanikiwa". Kutembea, kuuliza, kula dengu sokoni na kurudi na suala la mtoto lisilo na jibu, hiyo ndiyo inaitwa israfu? Hesabu mnazitaka? Viza ya Schengen mtu mzima ni yuro 90, mtoto wa miaka sita mpaka kumi na moja 45. Sisi sita, na binti wa miaka kumi na nne analipiwa kama mkubwa, jumla yuro 450, na ukinyimwa hazirudi. Bima ya matibabu lazima iwe ya yuro 30,000 kwenda juu. Nyumba ya Arles yenye jiko, kwa siku nane, ilitugharimu chini ya hoteli ya Paris ya siku tano iliyokuwa kwenye karatasi ile. Jiko ndilo lililotuokoa, maana chakula kingi kilikuwa cha sokoni na cha mkono wetu.

Wanaopanga Juni ijayo, yazingatieni haya. Ombi la viza linakubaliwa kuanzia miezi sita kabla, msingoje wiki ya mwisho. Kuanzia Juni mpaka mwisho wa Septemba njia za miguu za Calanques, ile miamba ya bahari karibu na Marseille, hufungwa siku yenye hatari ya moto, kwa hiyo mnaangalia jioni kabla ya kutoka. Sisi tulikuta imefungwa siku tuliyoipanga, tukaenda siku ya pili. Sehemu ya Sugiton msimu wa joto inataka kuandikisha nafasi, ni bure. Agosti msiende, joto na watu. Juni jua linazama saa tatu usiku imeshapita, Isha ni saa tano imepita, Alfajiri karibu saa kumi. Na sisi Mashafii tukishanuia kukaa mji mmoja siku nne kamili hatupunguzi sala, kwa hiyo usingizi wa watoto tuliupeleka mchana, wakati maduka ya kule yanapofungwa kwa chakula, kama ya kwetu Adhuhuri.

Na kabla ya hayo yote, mnaporudi leo nyumbani, muulizeni binti kama anajua kuogelea.

Wetu ameanza. Jumapili baada ya Alfajiri tunakwenda pwani wanawake saba, maji yakiwa yamejaa na watu hawajatoka. Sisi mama yake tunaelea sasa, kwa mgongo, kwa kitambo kidogo. Nguo tumezishona wenyewe, na msije mkatumia pamba, inakunywa maji ikakuvuta chini. Tumieni kile kitambaa chepesi cha kuvutika kinachokauka upesi, na kilemba chake kishonwe pamoja na kanzu. Anayetaka kipimo cha hiyo, au cha suruali ya baiskeli, aje dukani baada ya Alasiri. Ijumaa tunafunga.